Kidoa Kwenye Picha ya Kepteni

"Huyu hapa ni mimi."

Ndivyo alivyosema yule mwalimu wiki iliyopita, kidole chake kikiwa juu ya kioo cha picha, na kijana wetu Pasi akabaki mdomo wazi. Nimepata ujumbe wenu, wasomaji. Mmoja ameapa kwamba nisipomwaibisha Pasi wiki hii ataacha kununua gazeti. Haya mama, kaa vizuri, usihame.

Na wewe uliyeokota gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi na hujui tunazungumza habari gani, nakupa kwa ufupi. Pasi ni kepteni wa boti ya kukodi. Watu wanaikodi pamoja na kepteni wake, wanapanda na mabegi na vicheko vyao, wanavutwa juu ya maji kwa ubao au kwa boya, jioni wanarudi na macho mekundu. Anaitwa Pasi kwa sababu ya shati lake jeupe, linalonyooshwa kila siku hadi mkunjo wa mkono unasimama wima.

Picha yenyewe iko ukutani, nyuma ya meza yake. Amevaa kofia ya kepteni, meno yote nje, bahari mgongoni. Alijipiga mwenyewe kwa simu miaka mitatu iliyopita, alipokuwa msaidizi tu botini, na kofia hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mjomba wake, kepteni wa siku zile. Siku Pasi alipopandishwa cheo, Bosi akaiona picha kwenye simu yake, ikampendeza, akaichapisha kubwa na kuitia fremu. Pasi angesema nini? Aseme usiitundike kwa sababu gani?

Kwa sababu nyuma ya bega lake, mbali kule majini, kuna kidoa cha rangi ya chungwa.

"Umekosea, dada," Pasi alisema sasa. Kijasho chembamba kilianza kumtoka. "Hilo ni boya tu. Maboya ya alama, yako mengi huko."

"Boya lina nywele?"

Pasi akatazama. Miaka miwili amekaa chini ya picha ile, na hakuwahi kusogeza uso wake karibu nayo. Zilikuwepo. Nywele, na mkono mmoja mwembamba ulioinuliwa.

"Nilikuwa napunga," Mwalimu alisema. "Nilianguka kwenye ubao, nikaibuka, nikakuona mgongo. Nikajiambia atageuka. Sasa hivi atageuka. Kumbe mwenzangu unajipiga picha."

Alipandisha mguu wa kulia wa suruali yake. Kovu lilianza chini ya goti likashuka hadi kwenye kifundo, pana na lenye kung'aa. Pasi akaangalia pembeni. Yeye, ambaye huwaambia wateja kila wiki kwamba kepteni mzuri haogopi kutazama.

"Kazi yako siku ile ilikuwa nini?"

"Jicho la nyuma," Pasi alijibu, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtoto aliyekojoa kitandani.

Nieleze, maana hadithi yote inasimama hapo. Boti inapomvuta mtu, kepteni anatazama mbele, hana macho kisogoni. Kwa hiyo lazima awepo mwingine aliyeketi akitazama nyuma, na ana kazi moja tu. Yule anayevutwa akianguka, jicho la nyuma ananyanyua mkono juu. Kepteni akiuona mkono kwenye kioo chake, anapunguza moto, anageuka, anamfuata aliyeanguka taratibu. Injini inanguruma, sauti haisikiki. Mkono ndio unaosema.

Siku ile mkono haukuinuka. Ulikuwa umeshika simu. Boti ikaenda, ikazunguka, ikarudi kwa kasi na jua likiwa usoni mwa kepteni, na binti yupo njiani. Mzee, yule mjomba wa Pasi, aliukata usukani dakika ya mwisho, ndiyo maana mguu ulibaki. Pangaboi la injini lilipita na nyama tu.

"Nilipokuwa hospitali waliniletea karatasi," Mwalimu aliendelea. "Imeandikwa kwamba aliyekosea ameondolewa botini. Nikashukuru. Nikajua ni wewe. Leo naingia hapa nakukuta una meza, una feni, una picha ukutani!"

Pasi akainyoosha kola ya shati lake.

"Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya yule mzee. Aliruka majini na viatu vyake, akanishikilia kichwa mpaka ufukweni, ananiambia usilale mwanangu, niambie jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza. Miaka mitatu siwezi hata kukaa kwenye beseni. Nimejikaza kisabuni, nimewakusanya walimu wenzangu sita, nikawaambia twendeni, mzee yule akiwa kwenye usukani sitaogopa. Yuko wapi?"

"Amestaafu," Pasi alisema.

Loo! Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata dirishani. Palepale mlango ukasukumwa, ukaingia mzigo wa majaketi okozi wenye miguu miwili chini yake.

"Yote kumi na mawili nimeyazamisha kwenye pipa," mzigo ulisema. "Moja limevuja, nimelitupa. Vifungo nimevivuta kimoja kimoja."

Mzigo ukashuka sakafuni, akatokea Mjomba. Mzee mrefu, mabega bado mapana, na usoni miwani mizito ya kununua barabarani. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Karibu sana, mgeni," akaiambia feni.

Mwalimu akaweka mkono mdomoni. Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, meza na shati lake.

Mjomba hakuona kitu. Alitoa kitambaa mfukoni, akaenda moja kwa moja ukutani, akaanza kuipangusa picha kama anavyofanya kila siku. Alipangusa kofia, akapangusa meno ya mpwa wake. Halafu kidole kikatafuta mahali fulani nyuma ya bega, kikaanza kusugua.

"Hiki kidoa, mwanangu, ni cha ajabu," alisema. "Nimekisugua miaka miwili. Nimetia sabuni, nimetia mafuta ya taa. Hakitoki."

"Shikamoo, mzee," Mwalimu alisema, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

"Marahaba. Ah, uko huku?" Mjomba akageuka kutoka kwenye feni. "Sauti hii naijua."

"Mimi ni yule wa ubao, mzee wangu. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa mnene, alikuwa na kengele ya baiskeli badala ya filimbi. Nilikwambia mpaka tukafika."

Kitambaa kikaanguka. Mjomba alipiga magoti pale sakafuni, katikati ya majaketi, akapapasa mpaka akapata mguu, akaushika kwa mikono miwili.

"Unatembea!"

"Natembea, baba. Nafundisha. Nakimbizana na watoto."

"Nisamehe, mwanangu. Nimekutafuta nikuombe msamaha, nikaambiwa umehamishwa hospitali. Macho yangu yaliniangusha."

"Macho yako?" Mwalimu alishangaa. "Macho yako yalifanya nini?"

"Mpwa wangu huyu alinyanyua mkono kama nilivyomfundisha. Mkono ulikuwa juu. Mimi nikatazama kiooni sikuuona. Ningeuona, usingepata hilo kovu."

Feni ikazunguka kulia, ikazunguka kushoto.

Mwalimu alimgeukia Pasi polepole. Pasi alikuwa anatazama viatu vyake, vimeng'arishwa vizuri sana, na kwenye ngozi nyeusi ya viatu hivyo aliona umbo la mtu bila uso.

"Kwa hiyo mkono uliinuka," Mwalimu alisema.

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa umefunguliwa, kiti kimevutwa, kilichobaki ni kukaa. Lakini aliendelea kutazama viatu, na Mjomba akamjibia.

"Uliinuka. Aliniambia palepale ufukweni, nami sikuuliza mara mbili. Huyu mama yake aliniachia akiwa na meno mawili. Hajawahi kunidanganya hata siku moja. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa Bosi nikamwambia, niondoe mimi, usukani mpe mpwa wangu, yeye aliona nisichokiona. Akanibakiza nikague vifaa."

Wasomaji wangu, mimi ninayeandika nina maovu yangu, siwafichi. Lakini kuna aibu ambayo mtu akiisikia kwa mwenzake anajikuta yeye ndiye anayejikuna shingo.

"Na juzi ndiyo nimemalizika kabisa," Mjomba aliendelea, akijiinua kwa kushika meza. "Nilikwenda kwa daktari wa macho. Kanikagua saa nzima. Kaniambia mzee, macho yako mazima, tupa hiyo miwani, ndiyo inayokupofusha. Unaona tatizo lilivyo?"

"Hiyo si habari njema, Mjomba?" Pasi aliuliza, kwa mara ya kwanza akipata sauti.

"Njema ipi? Kama macho ni mazima na mkono ulikuwa juu, mbona sikuuona? Basi ni kichwa, mwanangu. Kichwa kinakufa kidogo kidogo na mimi sijui. Nimemwambia Bosi, mtu mwenye kichwa kibovu asikague kitu cha kuokoa roho za watu. Nawaandalia hii safari yenu ya kesho, ndiyo ya mwisho, halafu natoka."

Akaokota kitambaa chake, akatoka kwenda kuleta kamba. Aliugonga mlango kwa bega, akaomba radhi kwa mlango.

Mwalimu alisubiri hatua zake zipotee.

"Hata mimi nilipokuwa nakuchukia, sikukudhania hivi," alisema. "Nilidhani ulikosea mara moja."

"Dada, nisikilize. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Niliogopa."

"Mimi nilikuwa na kumi na tisa, na nilikuwa majini." Alichukua mkoba wake. "Kesho, kabla kamba ya boti haijafunguliwa. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, mbele ya walimu wote."

* * *

Mchana ule waliandaa boti wawili, kama walivyofanya zamani, isipokuwa sasa mpwa ndiye aliyekuwa anatoa amri na mjomba anaitika.

Mafuta yalijazwa, tangi la akiba likafungwa kwa mkanda. Simu ya upepo ikajaribiwa. Sanduku la dawa likafunguliwa, bandeji za zamani zikatupwa. Boya kubwa la kuvutwa likajazwa upepo mpaka likalia kama ngoma, ubao ukapakwa nta, maji ya kunywa yakapangwa chini ya viti. Yote hayo Pasi aliyafanya bila kumtazama mzee usoni.

Ikabaki kamba. Mita ishirini za kumvutia mtu.

Pasi alikuwa ameshaikagua asubuhi kwa macho. Mjomba akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua miwani, akafumba macho kabisa, akaanza kuipitisha kamba kwenye vidole vyake polepole. Ilipofika karibu na mwisho akasimama.

"Hapa."

Nyuzi tatu zilikuwa zimeliwa, ndani kabisa ya msokoto. Ingekatika mtu akiwa kwenye kasi.

"Akili sina, macho siyaamini," Mjomba alisema akicheka kidogo. "Vidole bado vipo. Vikiondoka na vyenyewe mnizike."

Pasi akapiga moyo konde. "Mjomba, nina neno."

"Sema, mwanangu."

Uso ule bila miwani ulikuwa unamtazama wazi kabisa. Ndio uso uliomfundisha kufunga fundo la kwanza, ulioimba naye jedwali la kuzidisha ili afaulu, uliosimama mlangoni mwa shule kuomba arudishwe alipovunja dirisha. Na siku ile ya dirisha, Pasi alikumbuka, hakudanganya. Alikuwa na miaka tisa na alisema, "Ni mimi." Mzee alimpiga bakora mbili, akamnunulia juisi.

"Boya lile dogo," Pasi alisema. "Linataka upepo kidogo."

"Nitaliongeza."

Akajichukia hadi mate yakawa machungu mdomoni.

Akajaribu tena walipofunga lango. Mjomba alikuwa anaitoa baiskeli yake ukutani. Baiskeli nzuri, nyeusi, cheni imetiwa mafuta kila Jumamosi. Na tangu ajali ile mzee hajaipanda. Anaisukuma asubuhi kuja kazini, anaisukuma jioni kurudi, kilomita nne, kama anampeleka mgonjwa zahanati.

"Panda leo, Mjomba. Barabara tupu."

"Nimgonge mtoto wa watu? Aa. Acha nitembee nayo tu, tumeshazoeana."

"Mjomba, ile siku..."

"Ile siku imepita, mwanangu." Alimpiga bega. "Usijitese kwa ajili yangu. Wewe ulifanya kazi yako."

Na hilo bega, nawaambia, liliwaka mpaka nyumbani. Alinyoosha shati la kesho yake mara tatu. Mikunjo haikukaa.

* * *

Asubuhi walimu walifika na kelele zao zote. Mwalimu wa hesabu alikuwa amevaa miwani ya kuogelea tangu kwenye gari. Mwalimu wa dini aliuliza kama choo kipo, na kama hakipo ni nini msimamo wa kampuni. Mwalimu mkuu msaidizi alilikalia boya pale pale gatini kulijaribu, likamtupa chali, wenzake wakacheka mpaka wakashikana.

Mwalimu wetu hakucheka. Alifunga jaketi lake la rangi ya chungwa mpaka shingoni, akapanda botini, akakaa kiti cha nyuma. Alimtazama Pasi mara moja, halafu akatazama kamba.

Ile kamba ya kufungia boti ilikuwa mkononi mwa Mjomba, pale juu ya gati. Alisubiri amri.

Pasi akapanda, akawasha injini. Akashuka. Akamsogelea mzee. "Mjomba, kabla hujafungua..."

"Jamani, jamani, msiondoke kwanza!"

Alikuwa Bosi, mama mnene mwenye haraka, anakuja mbiombio gatini na kitu kikubwa kimefungwa karatasi ya maua.

"Huyu mzee leo ndiyo siku yake ya mwisho," Bosi aliwatangazia walimu, akihema. "Miaka kumi na minane hapa. Nikasema hatoki mikono mitupu. Nimefikiri, nikafikiri, kitu gani anakipenda kuliko vyote hapa kazini? Nikakumbuka. Fungua, mzee."

Mjomba alifungua karatasi taratibu bila kuichana.

Ilikuwa ile picha.

"Ofisini tutatundika nyingine," Bosi alisema. "Hii weka kwako sebuleni, umtazame kijana wako."

Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa dini akasema amina. Mjomba aliikumbatia fremu kifuani.

"Nitaiweka karibu na kitanda," alisema. "Nikifika kusahau kila kitu, huyu nisimsahau."

Pasi akarudi botini. Ilikuwa zamu yake ya kusema maneno ya usalama, maneno ambayo ameyasema mara mia nne na anaweza kuyasema usingizini. Akachukua kipaza sauti, na sauti yake ikatoka kwenye spika mbili za botini ikasambaa gati zima.

"Karibuni nyote. Mimi ndiye kepteni wenu. Majaketi hayavuliwi mpaka turudi. Hakuna kukaa ukingoni boti ikitembea. Mtu akivutwa, mtu mmoja atakaa nyuma. Huyu tunamwita jicho la nyuma. Hatazami simu, haongei na mtu. Anayevutwa akianguka, yeye..."

Akasimama. Mwalimu alikuwa anamtazama. Mjomba kule juu alikuwa ameanza kulegeza fundo.

"Yeye ananyanyua mkono," Pasi alisema. "Miaka mitatu iliyopita jicho la nyuma nilikuwa mimi. Huyu mwenzenu aliyekaa hapo alianguka. Sikunyanyua mkono."

Fundo likabaki nusu.

"Sikumwona. Nilikuwa nimempa mgongo, najipiga picha. Nimevaa kofia ya mjomba wangu ili nionekane kepteni. Tulipofika ufukweni akaniuliza, ulinyanyua? Nikasema ndiyo. Nikarudia kwa wakubwa, ndiyo. Akaniamini mimi, akaacha kuyaamini macho yake." Sauti ilikatika, spika zikakoroma, akaanza tena. "Mjomba, kichwa chako kizima. Macho yako mazima. Hakukuwa na mkono wa kuonwa."

Mwalimu wa hesabu alivua miwani yake ya kuogelea. Kwenye boti za jirani watu walikuwa wamesimama na ndoo zao mkononi, maana spika zile hazina siri, na Pasi aliwaona wote, mafundi, wapishi, mabaharia aliokuwa akiwapita asubuhi bila salamu kwa sababu yeye ni kepteni. Uso ulimwaka. Alitaka kuuficha na hakuwa na pa kuuficha.

Mjomba aliivua miwani.

Akaiinua picha mpaka karibu na pua. Akaigeuzia jua. Alitazama muda mrefu mahali pamoja, nyuma ya bega la kijana anayecheka.

"Nywele," alisema mzee. "Zinaonekana nywele."

Halafu akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na mimi nilikuwa nakisugua."

Alishuka ngazi mbili za gati, akainama juu ya ukingo wa boti. Pasi alifumba macho akisubiri kofi. Angelipokea kama zawadi. Kofi halikuja. Alichosikia ni kitu kidogo kikidondoka kwenye mfuko wa shati lake, ule mfuko ulionyooshwa, na alipofumbua macho akakuta miwani imo.

"Mjomba, nipige. Nitukane. Sema chochote."

Mzee alimtazama kama mtu anayetafuta mahali alipoacha kitu.

"Dirisha la shule ulisema mwenyewe," alisema. "Ulikuwa na miaka tisa."

Hakuongeza neno. Alirudi juu, akalikaza tena fundo la kamba alilokuwa amelegeza, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Akampungia Mwalimu mkono wa kwaheri. Kisha akaenda kwenye ukuta wa ofisi, akaifunga picha nyuma ya baiskeli kwa mpira, uso wake ukitazama juu.

Akashika usukani wa baiskeli. Akasimama kidogo.

Akapanda.

Baiskeli iliyumba kushoto, ikayumba kulia, mwalimu mmoja akapiga yowe dogo. Halafu ikanyooka. Mzee alipita kati ya ndoo na nyavu na watu bila kugusa kitu, mgongo wima. Mwalimu wetu alikuwa analia waziwazi na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Pasi hakupiga makofi. Hakuwa na haki ya kufurahi na alilijua hilo, akakaa nalo.

"Zima injini," Bosi alisema. Haraka yake yote ilikuwa imemwishia.

Pasi akazima.

"Ile karatasi ya uchunguzi mliyoandika mkono uliinuka, niliitia saini mimi," Bosi alisema. "Jina langu liko chini ya uongo wako. Unajua hilo?"

"Najua, Bosi."

"Mama," Mwalimu aliingilia, akifuta macho kwa mkono wa jaketi, "sisi safari tunaenda au hatuendi? Mimi nimeshafika hapa. Nikishuka leo sipandi tena maisha yangu yote."

Bosi alikuwa anatazama langoni. Baiskeli ilikuwa imefika kwenye barabara kubwa. Nyumbani kwa Mjomba ni kulia, njia aliyosukumia baiskeli ile miaka mitatu.

Mzee alinyoosha mkono kuashiria anakata kona. Mkono uliinuka juu kabisa, kila mtu akauona.

Ulikuwa wa kushoto.

"Kushoto kuna nini?" Mwalimu aliuliza.

Pasi alijua, na Bosi alijua. Kushoto hakuna soko, hakuna duka wala nyumba ya ndugu. Kuna jengo moja tu, lenye bendera mlangoni, ambamo leseni za makepteni hutolewa, na ambamo hunyang'anywa. Na picha ilikuwa nyuma ya baiskeli, inacheka.